Kuanza kuhariri ramani ya navigesheni kwa kujitolea: anza na makutano, barabara mpya zitakungoja

Mpimakona (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe wa aina moja: "Mkuu, ramani ina makosa, nataka kurekebisha, naanzia wapi?" Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo naweka yote hapa. Sijasomea upimaji. Mimi ni dereva tu niliyechoka kuambiwa "pinda kushoto" mahali penye ukuta. Ninahariri OpenStreetMap mwaka wa sita sasa, kwa hiyo mengi nitakayosema ni ya huko. Wahariri wa Waze (ile programu ya navigesheni ya madereva) mpo humu, njooni muongezee ya kwenu.

Kwa asiyeijua: OpenStreetMap ilianzia Uingereza mwaka 2004. Steve Coast ndiye aliyeianzisha, kipindi ambacho data za ramani za serikali kule zilikuwa zimefungwa kwa leseni za kulipia. Wazo lake lilikuwa jepesi: watu watembee na GPS, wachore wenyewe, kisha kila mtu atumie bure. Waliojiandikisha leo wamepita milioni 10, ingawa wanaohariri siku kwa siku ni wachache mno. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinakula data hiyohiyo. Yaani ukirekebisha kona moja leo, kuna mtu usiyemjua atapita pale salama na wala hatajua kuna mtu alikaa usiku akaitengeneza.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Wageni karibu wote wanaanza kwa kuchora barabara mpya. Nawaelewa, inanoga: unaona njia kwenye picha ya setilaiti, kwenye ramani haipo, unachora, inatokea. Lakini ramani ya navigesheni haisomwi kwa macho. Wewe unaona barabara, mashine inaona nukta zilizofungwa kwa mistari. Mistari miwili isiposhirikiana nukta, kwa mashine hiyo ni mito miwili isiyokutana, hata kama kwenye kioo chako imegusana kabisa.

Hili nilijifunza kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza nilichora mtaa mrefu unaounganisha barabara mbili kubwa. Nikaupa jina, nikaweka na aina ya lami, nikahifadhi, nikalala nimeridhika. Siku ya tatu nikaomba njia kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Navigesheni ikanizungusha kilometa nne na ushee, wakati mtaa wangu uko palepale katikati! Nikadhani programu imeharibika. Kesho yake nikakuta ujumbe chini ya kazi yangu, mstari mmoja tu: "Mwisho wa kaskazini haujaungana." Nikavuta karibu. Hamna kitu, umeungana. Nikavuta tena. Umeungana. Nikavuta mpaka mwisho kabisa, ndipo nikaona upenyo kama nusu mita hivi kati ya nukta yangu ya mwisho na barabara kubwa. Nilikuwa nimebofya pembeni kidogo ya mstari, sio juu yake. Na programu ya kuhariria ilikuwa imenionya kwa alama ya njano kabla sijahifadhi, nikapuuza kwa kuwa nilidhani ni urembo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni: mwezi wa kwanza usichore barabara hata moja. Chukua eneo unalolijua kwa miguu, yaani njia unazopita kila siku, kisha kagua makutano. Je, mistari imeungana? Wanwei imeelekea upande sahihi? Kona iliyokatazwa imekatazwa na kwenye ramani? Geti linalofungwa limewekwa? Ukikagua makutano thelathini tu utakuwa umeelewa ramani kuliko mtu aliyechora mitaa mia.

Jinsi ya kuingia: fungua akaunti kwenye tovuti ya OpenStreetMap, ni bure. Vuta karibu eneo lako, bonyeza sehemu ya kuhariri, programu ya kuhariria, tunaiita mhariri, jina lake iD, itafunguka ndani ya kivinjari. Kuna mafunzo yake ya vitendo, atakuuliza mwanzoni kama unataka kuyapitia. YAPITIE. Ni muda wa kikombe kimoja cha chai na ushee, na hakuna unachoharibu mle maana ramani ya mazoezi haiendi popote.

Nukta, mistari, na tegi. Hayo ndiyo matatu ya kuanzia. Tegi ni maneno mawili yaliyounganishwa kwa alama ya usawa, mfano oneway=yes. iD anakuwekea fomu ya kujaza, kwa hiyo mara nyingi hata huzioni, ila ukishuka chini ya fomu utazikuta zimejipanga. Zizoee mapema.

Maswali leteni.

---

Kifurushi77

Nimeweka kiti. Uzi kama huu nimeutafuta muda mrefu.

---

DerevaMgeni

Mkuu Mpimakona shukrani. Mimi nina swali la kijinga. Hiyo wanwei mashine inajuaje inaelekea wapi? Nimeweka "ndiyo" kwenye fomu lakini sijaona sehemu ya kuandika inatoka wapi kwenda wapi.

---

Mpimakona

Wala sio la kijinga, hilo limewaliza wengi. Kila mstari una mwelekeo, nao ni ule uliouchora: ulipoanza kubofya mpaka ulipomaliza. Ukiweka oneway=yes maana yake magari yanafuata mwelekeo huo. Utaona vishale vidogo juu ya mstari. Vikiangalia kinyume, chagua mstari kisha bonyeza V, unageuka. Usifute ukachora upya! Ukifuta unapoteza historia yote ya ule mstari, pamoja na masharti ya kona yaliyofungwa kwake.

Herufi nyingine za kukariri: X unakata mstari kwenye nukta, C unaunganisha mistari miwili iwe mmoja, D unatenganisha vilivyoshikana. S nayo ni ya kunyoosha, kaa nayo mbali kwanza. Nimeona mtu kanyoosha barabara ya mlimani yenye kona kumi na moja ikawa kama rula.

---

Bi Dira

Niongezee kwenye wanwei: kipilefti. Kipilefti huchorwa kama duara lililofungwa, unaweka junction=roundabout, na hapo wanwei inaeleweka yenyewe bila kuandikwa. Lakini duara lina mwelekeo. Nchi zinazoendesha kushoto, duara linazunguka kama mshale wa saa. Nchi zinazoendesha kulia, kinyume chake. Ukilichora kwa mwelekeo usio wake, navigesheni itampeleka mtu akutane uso kwa uso na wenzake. Nimerekebisha mengi ya namna hiyo, na aghalabu mchoraji ni mtu aliyejifunza kwa video ya mtu wa nchi nyingine.

Na kila barabara inayoingia kwenye duara iwe na nukta yake pale kwenye ukingo. Wengine wanazivuta zote hadi katikati ya duara kama spoki za baiskeli. Hapana jamani.

---

Kona_Mbaya

Acheni nikiri dhambi yangu, huenda ikamsaidia mtu.

Mwanzo nilikuwa na bidii ya kufuta maonyo. iD alikuwa ananionyesha "barabara hizi zinakatana" na kunipa kitufe cha kuziunganisha. Mimi nabofya tu, unganisha, unganisha, unganisha. Najisikia fundi. Mojawapo ya hizo ilikuwa daraja la juu linalopita juu ya barabara kuu. Nikaziunganisha pale zinapokatana.

Mnaelewa nilichofanya? Nilitengeneza kona katikati ya daraja. Navigesheni ikaanza kuwaambia watu walio juu ya daraja "pinda kulia". Kulia ni hewani! Ilikaa hivyo siku mbili hadi mtu mmoja akaniandikia kwa upole wa ajabu akiniuliza kama nimewahi kufika hapo mahali. Sikuwahi. Nilikuwa nahariri nchi ambayo sijawahi kukanyaga, eti nasaidia.

---

Mpimakona

😂 Pole mkuu. Hii niieleze vizuri maana ndiyo mtego mkubwa kuliko yote.

Mistari miwili ikikatana kuna uwezekano wa aina mbili. Ama zinakutana kweli ardhini, basi ziwe na nukta moja ya pamoja. Ama moja inapita juu ya nyingine, basi zisiwe na nukta ya pamoja kabisa. Kwa daraja unafanya hivi: kwenye barabara ya juu unaweka nukta daraja linapoanza na nukta linapoishia, unakata kwa X sehemu zote mbili, kile kipande cha katikati unakipa bridge=yes (ni daraja) na layer=1 (kiko tabaka la juu). Barabara ya chini huigusi. Onyo litaondoka lenyewe kwa sababu sasa mashine imejua moja iko juu.

Yaani onyo ni swali. Linakuuliza pale pakoje, na jibu analo mtu aliyepaona. Kama hujapaona, liache, hata likikukera.

---

Ramani Huru

Kuhusu kuhariri mbali, nisimvunje moyo Kona_Mbaya. Kazi ya mbali ina heshima yake. Tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010 lilipotokea, ramani ya Port-au-Prince ilikuwa karibu tupu, na watu waliokaa majumbani mwao dunia nzima ndio walioichora kutokana na picha za setilaiti, ndani ya siku chache, waokoaji wakaitumia. Kwa hiyo nyumba na njia zinazoonekana kutoka juu unaweza kuchora ukiwa popote. Usichoweza ni kujua wanwei, jina la mtaa, kona iliyokatazwa, geti linafungwa saa ngapi. Setilaiti haisomi kibao.

---

Saa Sita Usiku

Wakuu kuna jambo nataka kuuliza. Majina ya mitaa kwenye ramani ile maarufu ya kampuni kubwa yapo mengi na sahihi. Kwa nini nisifungue dirisha mbili nikawa nanakili upande mmoja kwenda mwingine? Wiki moja mji mzima unaisha.

---

Bi Dira

Usifanye hivyo mwanangu, hata kwa jina moja.

Ramani ile ina mwenyewe, na masharti yake hayaruhusu. Data ya OpenStreetMap tangu Septemba 2012 iko chini ya leseni inayoitwa ODbL, ambayo inamwambia kila mtu duniani "tumia, badilisha, sambaza, ila taja chanzo na ukiiboresha hiyo data iache wazi vilevile". Sisi hatuwezi kumruhusu mtu atumie kitu ambacho sio chetu. Ukigundulika, kazi yako yote inaweza kuondolewa, ile uliyonakili na ile uliyoifanya kwa jasho, kwa sababu hakuna atakayeweza kuzitofautisha. Katazo hilo linahusu picha zao za setilaiti na picha zao za barabarani pia, watu wengi hawalijui hilo.

Picha zinazoruhusiwa zimo ndani ya mhariri mwenyewe: Bing, Esri na nyingine kulingana na eneo. Za barabarani kuna Mapillary, ambayo watu wanapiga picha wakiwa njiani na kuzipandisha. Na chanzo bora kuliko vyote ni miguu yako na kibao kilichopo pale kona.

---

Saa Sita Usiku

Nimeelewa mama. Na nilikuwa nimeshanakili kama mitaa sita hivi...

---

Bi Dira

Iondoe leo, na kwenye maelezo andika wazi kwa nini umeiondoa. Hakuna atakayekusema. Wanaosemwa ni wanaokamatwa.

---

Mpimakona

Na hapo ametaja kitu: maelezo. Kila unapohifadhi unatakiwa kuandika umefanya nini. Mabadiliko unayohifadhi kwa pamoja yanakaa kwenye seti moja, na seti hiyo inaonekana na kila mtu milele, ikiwa na jina lako. Wageni huandika "marekebisho" au nukta tupu. Andika kama unamwambia mtu atakayekuja kesho: "Nimegeuza mwelekeo wa wanwei, nimepita leo na kibao kipo." Sentensi moja inatosha. Ukijipa mazoea hayo, siku mtu akibishana nawe una pa kuanzia.

Halafu msihifadhi seti moja inayogusa miji miwili iliyo mbali. Eneo la seti huchorwa kama boksi linalozunguka ulichogusa, kwa hiyo ukigusa kona moja hapa na moja nchi ya pili, boksi lako linafunika kila kilichopo katikati, na wahariri wote wa huko wanashtuka kuona kuna mtu kaingia kwao.

Kuna kiboksi pia cha kuomba kazi yako ikaguliwe na wengine. Mwezi wa kwanza kiwekee tiki kila mara.

---

MshaleKijani

Nimeitwa, nimekuja. Mimi ni wa Waze.

Waze ni tofauti kidogo kitabia. Mizizi yake ni mradi wa ramani huru ulioanzia Israeli mwaka 2006, ikaja kuwa kampuni, na mwaka 2013 Google wakainunua. Kwa hiyo data yake sio huru kama ya kwenu: unajitolea, lakini unachochora kinakuwa chao. Nasema wazi ili mtu aingie akijua. Mimi mwenyewe naona inafaa, kwa sababu madereva wengi wa eneo langu wanatumia hiyo, na mtu akielekezwa shimoni leo hatajali leseni.

Kuhariri ni kwenye kivinjari pia, kompyuta sio simu. Ila huwezi kujifungulia tu na kuanza popote. Eneo lako linafunguka pale ulipoendesha ukiwa na programu imewaka. Endesha kwanza, kisha hariri. Halafu kuna ngazi, 1 hadi 6, na barabara muhimu zimefungwa kwa ngazi. Mgeni wa ngazi ya 1 haigusi barabara kuu, na ni sawa kabisa.

Kazi ya kuanzia kule ni malalamiko ya madereva. Dereva akibonyeza "ramani ina kosa", inatokea alama kwenye ramani ya wahariri. Unaifungua, unaona njia aliyoelekezwa na njia aliyopita kweli, unajaribu kuelewa kilichomkera. Wengi hawaandiki kitu. Unamuuliza, unangoja, pengine hajibu. Na pengine kosa ni lake, alikuwa anataka kupita mahali pasiporuhusiwa. Kwa mtu anayependa upelelezi mdogomdogo, hiyo kazi ni tamu.

Hoja ya Mpimakona kuhusu makutano naiunga mkono kwa mikono miwili. Kule kwetu kila kona ina mshale, kijani inaruhusiwa, nyekundu hairuhusiwi. Karibu nusu ya malalamiko niliyowahi kuyafunga yaliishia kwenye mshale mmoja uliokuwa na rangi isiyo yake.

---

Kifurushi77

Na hela je? Kuna malipo yoyote?

---

MshaleKijani

Hakuna. Ndiyo maana tunaitwa wa kujitolea 😀

---

Tumbili Mjini

Mimi nimekata tamaa. Nilichora njia ya mkato, nikairekodi na GPS kabisa, mtu akaja akaifuta bila hata kuniambia. Hawa wakongwe wanajiona ramani ni ya kwao.

---

Mpimakona

Mkuu pole, inauma. Lakini tusianze na hasira. Fungua ule mstari, angalia historia, utaona nani alifuta na seti gani. Fungua seti hiyo, chini pana sehemu ya kuandika. Muulize kwa utulivu: "Nimeona umeondoa njia hii, mimi nilipita tarehe fulani, je kuna kilichobadilika?" Kila mtu anaona mazungumzo yale, kwa hiyo watu hujibu kistaarabu.

Nikisie ilivyokuwa: uliichora kwa aina gani?

---

Tumbili Mjini

Niliiweka highway=residential. Ni njia inapita kati ya nyumba mbili. Pikipiki inapita vizuri.

---

Mpimakona

Hapo ndipo. Ukiiita mtaa wa makazi, kila navigesheni itapeleka gari pale. Gari haliingii, dereva anarudi nyuma mita mia akiwa anatukana. Huenda aliyefuta ndiye huyo dereva! Alikosea kuifuta, alipaswa kubadilisha aina tu, kwa sababu njia ipo kweli. Irudishe kama njia ya miguu, kisha ongeza kwamba pikipiki zinaruhusiwa kama ndivyo ilivyo pale. Na mwandikie kwamba umeirudisha na kwa nini.

Aina ya barabara ndiyo inayoamua nani apite na kwa kasi gani ya makisio, kwa hiyo nisimame hapo kidogo. Kuna neno moja linadanganya sana: unclassified. Mgeni analisoma anadhani ni "sijui ni ya aina gani", anawekea kila kitu. Sivyo. Neno limetokana na mfumo wa barabara za Uingereza, na maana yake ni barabara ndogo ya umma inayounganisha sehemu na sehemu, ya daraja la chini kuliko tertiary (barabara ya ngazi ya kati), na sio mtaa wa makazi. Kama kweli hujui ni ya aina gani, ipo highway=road, hiyo ndiyo ya "sijui", na mwenzako akipita atairekebisha. Track nayo ni njia ya shambani au msituni, sio kila barabara ya vumbi. Barabara ya vumbi inayobeba mabasi ni barabara kamili, vumbi lake linaandikwa kwenye tegi ya surface, yaani uso wa barabara.

Na usipandishe daraja la barabara ili tu ionekane nene kwenye ramani. Tunaita kuchorea picha. Ukidanganya aina ili rangi ipendeze, picha inapendeza na njia inapotea.

---

Ramani Huru

Kuhusu GPS ya Tumbili: rekodi moja isikutie kiburi. Simu sehemu ya wazi inakosea mita chache tu, lakini kati ya majengo marefu mawimbi yanagonga kuta na rekodi yako inaruka upande wa pili wa barabara. Picha ya setilaiti nayo inaweza kuwa imehama mita kadhaa, hasa milimani. Nilishawahi kuona mgeni kahamisha mtaa mzima, nyumba, barabara, mifereji, ili vilingane na picha mpya. Kumbe picha ndiyo iliyohama. Washa rekodi za GPS za watu wote ndani ya mhariri, angalia zilikojazana, kisha sogeza PICHA ifuate huko. Ramani iache ilivyo.

---

Mtembea kwa Miguu

Sina kompyuta, nina simu tu. Nimeshakatwa kwenye hesabu?

---

Bi Dira

Hata kidogo. Kwa Android kuna StreetComplete: unatembea, inakuuliza. Hii barabara ina lami? Kuna taa? Kasi ya mwisho ni ngapi? Unajibu, inaandika yenyewe, huoni hata tegi moja. Kuna na Every Door, hiyo ipo Android na iPhone, nzuri kwa maduka na milango. Ukishakomaa kuna Vespucci ambayo inahariri kila kitu, lakini kidole kinene na nukta ndogo ni vita. Makutano magumu ningekushauri uyawekee alama ya ujumbe kwenye ramani, mwenye kompyuta atakuja kuyamaliza. Eleza ulichoona kwa ukamilifu, sio "hapa pamekosewa".

Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii na bado nusu ya ninachofanya ni kwa simu, nikiwa nangoja mtu.

---

DerevaMgeni

Nimerudi. Nimefuata ushauri, nimekagua makutano kumi na mbili ya njia ninayopita kila siku. Tisa yako safi. Mawili nimekuta hayajaungana, nimeyavuta nukta ikadaka. La kumi na mbili limenishinda. Pale barabara kuu hairuhusiwi kupinda kulia, kibao kipo kikubwa, lakini navigesheni inapindisha watu. Natafuta pa kuweka nakosa. Nimeweka oneway kwenye ule mtaa wa kulia nikaona inazuia, ila nahisi sio sahihi kwa sababu mtaa wenyewe ni wa pande mbili. Sijahifadhi.

---

Mpimakona

Safi sana kwa kutohifadhi. Hiyo oneway ingefunga mtaa mzima kwa ajili ya kona moja, na wakazi wa mle wangeshindwa kuelekezwa nyumbani kwao wakitokea upande wa pili.

Kona iliyokatazwa haikai kwenye barabara, inakaa kwenye makutano. Ondoa hiyo oneway. Bofya nukta ya makutano yenyewe, sio mstari. Kushoto kwenye fomu kuna sehemu ya masharti ya kona, itakuchorea picha ndogo ya hayo makutano. Chagua barabara unayotokea, utaona mishale ya kila upande unaoweza kwenda. Bofya ule wa kulia mpaka ubadilike kuwa umekatazwa. Mingine usiiguse.

Nyuma ya pazia iD anatengeneza kitu kinachounganisha vitu vitatu: unatoka mstari gani, unapitia nukta gani, unaenda mstari gani. Ndiyo maana nilisema usifute mistari ovyo. Ukifuta kimoja kati ya hivyo vitatu, katazo linakufa kimyakimya na hakuna atakayejua hadi mtu apigwe faini.

---

DerevaMgeni

Nimeona mshale umekuwa mwekundu. Nimeandika: "Nimeongeza katazo la kupinda kulia, kibao kimeonekana leo asubuhi." Nimetia tiki ya kukaguliwa. Nimehifadhi. Lakini programu ya simu bado inanipindisha, nimekosea?

---

Mpimakona

Hujakosea. Kwenye tovuti mabadiliko yanaonekana ndani ya dakika chache, lakini programu inayotumia ramani iliyopakuliwa inasoma nakala ya zamani hadi watoe mpya na wewe uipakue. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kule kwa MshaleKijani nako wanangoja ramani ijengwe upya.

Nimefungua seti yako sasa hivi. Katazo liko sawa. Ila yale makutano mawili uliyoyaunganisha, la pili hebu livute karibu tena: umedakisha nukta kwenye mstari wa mfereji, sio wa barabara. Vimepita sambamba karibu sana.

---

DerevaMgeni

Duh. Kweli. Ngoja nitenganishe kwa D nianze upya.

---

Mpimakona

Chagua nukta kwanza, sio mstari mzima. Halafu D.